Kinywa cha Mwajabu

1

Mzee Shekigenda aliota meno akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na ya juu ndiyo yaliyotangulia.

Alifika zahanati asubuhi, akapanda kiti cha tabibu bila kusaidiwa, akaachama. Tabibu wa meno, Sikudhani Mhina, alimulika. Juu, meno manne ya mbele yalikuwa yamesimama sawasawa, meupe, madogo kidogo kuliko kinywa chenyewe. Chini palikuwa ufizi mtupu, hata uvimbe haupo. Mzee huyu alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha mkonge kwa miaka thelathini, na hakupenda kitu kama kumtania mtu aliye kazini, ila leo utani wake ulikuwa na mwiba ndani. Alisema mkewe, Bi Mwanakombo, amemtengea sahani ya peke yake. Hali chungu kimoja na kigego.

"Kigego wa miaka sabini," alisema Mzee, akijifuta mate. "Zamani wangenipeleka mlimani kwenye genge wakanisukuma. Sasa hivi nani wa kunibeba, na uzito huu?"

Sikudhani alicheka kwa kuwa ilimbidi. Hakuna aliyezaliwa chini ya milima ile asiyelijua neno hilo. Mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini ni kigego, na kigego, walisema wazee, hula wenziwe: atakua yeye, na nyumba yake itakwisha mmoja mmoja. Kwa hiyo walikuwa wanafanya walichokifanya, kisha hawakizungumzi. Serikali ilipiga marufuku, misikiti na makanisa yakakemea, shule zikafundisha, na neno likabaki palepale. Watu walilitumia kutaniana mchana, na kila mama mwenye mtoto wa miezi sita aliendelea kupapasa ufizi wa mwanawe kwa kidole, akianzia chini.

Mzee alikuwa mgonjwa wa tisa kuotesha juu kwanza. Kwenye faili za wote tisa Sikudhani aliandika neno moja, "kawaida". Sababu aliijua tangu alipomwona yule wa kwanza, na tangu siku hiyo hajalala vizuri.

Mji wa Kwemkuyu ulikuwa mji wa vibogoyo. Mito ya milimani ilipokauka, watu walikunywa maji ya mtambo kwa miaka kumi na miwili, na maji yale yalikata kiu lakini yalikula fizi. Mtu akigonga arobaini alikuwa anatema meno kama anayekula tikiti. Pandikizi za zamani, zile skrubu za titani, zilitaka mfupa mgumu wa kushika, na mfupa huo hakuna aliyekuwa nao tena. Meno ya kuvaa yalicheza mdomoni, yakadondoka kwenye uji. Ndipo Maabara ya Chipukizi, kutoka Tanga, ikaleta mbegu. Bango lao bado lilikuwa ukutani pa zahanati: *Jino la pembe si dawa ya pengo. Mbegu ni dawa.* Watu walilisoma wakatabasamu, kwa fizi.

Mbegu yenyewe ilikuwa punje ndogo kuliko uwele, imefunikwa utelezi. Tabibu anatoboa kitundu kwenye ufizi, anaiweka, anafunga kwa mshono mmoja. Inatangulia kuteremsha mzizi, inashika taya, inaunda mshipa wake wa fahamu, kisha inapandisha jino. Miezi tisa. Na zote zilitoka katika chembe za mtu mmoja, maana chembe za mtu huyo, kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa, hazikukataliwa na mwili wowote. Maabara walikiita chanzo hicho "ukoo". Wagonjwa walilipenda neno. Walikuwa wakikutana sokoni wanasalimiana "ndugu wa ukoo", kisha wanaumana na mahindi ya kuchoma, miwa, karanga, vitu ambavyo walikuwa wameviaga. Mpaka mwezi ule walikuwa watu mia tatu na kumi na wawili.

Kwenye karatasi za maabara, ukoo huo ulikuwa na mstari mmoja tu wa maelezo: *Mtoto, miezi saba, meno mawili ya juu, ameumia kwa kuanguka.* Mwandiko ulikuwa wa Sikudhani, na mtoto hakuwa ameanguka popote.

2

Mwajabu alirudi shuleni saa sita na nusu, akavua viatu mlangoni, akakaa mbele ya sahani yake bila kuigusa. Mama yake alikuwa amepika wali na kisamvu cha nazi, chakula ambacho mwaka jana mtoto huyu alikuwa anakigombania mpaka ukoko. Sasa mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na shati la shule linampwaya. Alikuwa na miaka sita na nusu. Walishampima malaria, minyoo, kifua na damu. Hakuna kilichoonekana. Baba yake, anayejenga barabara huko Dodoma, alikuwa anapiga simu kila Ijumaa kuuliza kilo.

Sikudhani alimtazama. Taya la mtoto lilikuwa likienda taratibu, juu na chini, na mdomoni hamna kitu.

"Kula, mwanangu."

"Kinywa kimejaa."

"Fungua nione."

Akafungua. Ulimi, meno yake ya utoto, basi. Sikudhani alipitisha kidole ndani ya shavu, na chini ya kidole akausikia msuli unavutika na kuachia, unavutika na kuachia.

"Kimejaa nini, Mwajabu?"

"Watu wanatafuna." Alisema bila hofu yoyote, kama anayeeleza kilichotokea darasani. "Mmoja ana muwa. Anauma huku, anakamua, anatema. Kuna wengi wanakula vitu vya kuvunjika. Na yupo mmoja anakula polepole, peke yake, anatumia ya mbele tu."

 Sikudhani alimwambia mtoto akae hapohapo, akatoka uani akaliacha dirisha wazi ili amwone. Akampigia simu Mzee Shekigenda, akamwamkia, akasema ni uchunguzi mdogo tu wa kitabibu. Mzee achukue kijiko, akiume mara tatu kwa meno ya mbele, apumzike, kisha akiume tena na kukishikilia.

"Wewe tabibu leo umekosa kazi," alisema Mzee, lakini alikwenda kukitafuta kijiko.

Nyumba ya Mzee ilikuwa ng'ambo ya reli. Kupitia dirishani Sikudhani aliona kidevu cha mwanawe kikiruka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kikatulia. Kisha mtoto akainua mabega, akafumba macho, na midomo yake ikajikunja kama ya mtu aliyewekewa kitu cha baridi.

"Mama," aliita kutoka ndani. "Nani huyo anauma chuma?"

Sikudhani alisahau kukata simu. Mzee ndiye aliyelazimika kuuliza kama aendelee kukishikilia kijiko au akakioshe.

3

Daktari Kilua wa Maabara ya Chipukizi hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha Sikudhani kuliko yote. Alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, akamweleza kwa upole, kama mwalimu. Mbegu zilizogawanyika kutoka katika kiini kimoja huwa zinaendelea kusikilizana. Waliliona hilo kwa panya, wakaliita mwangwi. Hauendi kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, unarudi kwenye chanzo tu, na panya wa chanzo alikuwa akitikisa sharubu kidogo pale wenzake wanapoguguna. Waliandika kwamba ni hafifu. Lakini panya walikuwa wanne.

Kisha akauliza mtoto yuko wapi. Sikudhani akasema yuko hapa nyumbani, mkekani.

"Ah," alisema Daktari Kilua. "Kumbe ni wako."

Njia za kuuzima mwangwi, alisema, ni mbili. Ya kwanza ni kung'oa mbegu zote kwa wagonjwa wote, jambo ambalo maabara haiwezi kulishauri. Ya pili ni kukifunga chanzo: mtoto ang'olewe meno yake, na vichipukizi vya meno ya ukubwani vilivyo ndani ya ufizi vikwanguliwe, mwangwi ukose pa kurudi. Wagonjwa hawatadhurika. Wala hawana haja ya kujua. Mtoto ataishi kwa uji na vitu laini, na wako watu wengi duniani wanaoishi hivyo. Mbegu nyingine mia sita zilikuwa tayari kwenye friji ya zahanati, za kupandwa kuanzia Jumatatu, kwa hiyo afadhali jambo hili liishe mapema.

"Ni mtoto wa miaka sita," alisema Sikudhani.

"Alipokuwa na miezi saba ulimng'oa mawili, alama za koleo tuliziona," alisema Daktari Kilua. "Wala hukuniuliza."

Alitaka kumtukana. Lakini maneno yale yalikuwa kweli tupu, akakata simu.

Akaamua kwanza aijaribu ile njia ya kwanza. Siku ya pili yake alikuja Saumu, fundi cherehani, ambaye gego lake moja lilikuwa limeota kwa upogo na lilipaswa kutolewa hata hivyo. Sikudhani alimchoma sindano ya ganzi, akangoja mpaka shavu likafa kabisa, akashika koleo. Jino lilitoka na mzizi wake wote, safi. Saumu hakukunja hata uso. Aliuliza kama anaweza kwenda kumalizia gauni la watu.

Baada ya robo saa mwalimu wa darasa la kwanza aliingia zahanati amembeba Mwajabu mgongoni. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka kwenye dawati akishika shavu, akapiga ukelele mmoja, kisha sauti ikamkauka. Mwalimu alitafuta jeraha hakuliona. Sikudhani naye alitafuta, ingawa alijua hatalipata. Ganzi ilikuwa imeishia kwa Saumu.

Alimlaza kwenye benchi, akamkanda kwa maji ya vuguvugu, na kichwani mwake hesabu ikawa inajipiga yenyewe bila kuombwa. Watu mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja meno ishirini na manane. Alipofika kwenye jibu alilitupa koleo kwenye beseni, na mlio wake ukamfanya mtoto aruke.

4

Ijumaa, saa za mchana, zahanati ilipokuwa tupu, alimkalisha mwanawe kwenye kiti kikubwa.

Hakuwa ameamua. Hivyo ndivyo alivyojiambia, ingawa sindano ilikuwa imevutwa dawa na koleo dogo limechemshwa. Mwajabu alikaa kama alivyoambiwa, miguu haifiki mwisho wa kiti, akafungua kinywa bila kubishana. Taya lilikuwa linacheza hata likiwa wazi. Ilikuwa saa ya chakula, na mji mzima ulikuwa mezani.

Sikudhani aliyatazama meno yale mawili ya mbele ya juu ambayo hayakuwepo. Mapengo yalikuwa pale tangu uchanga, na kila aliyeuliza aliambiwa mtoto alianguka. Alikumbuka siku yenyewe. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa njiani anakuja kumwona mjukuu, na mama mkwe alikuwa wa wale wanaopapasa fizi kabla ya kusalimia. Sikudhani alikuwa tabibu mwenye cheti. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka vijijini kuwafundisha wanawake kwamba kigego ni upuuzi, jino ni jino. Lakini asubuhi ile aliona ncha mbili nyeupe juu na chini hakuna, mikono yake ikaenda yenyewe. Alimpaka ganzi mtoto, akamng'oa, na mama mkwe alipowasili akapapasa akakuta fizi laini, akashukuru Mungu. Yale meno hakuweza kuyatupa. Aliona ni dhambi juu ya dhambi. Maabara walikuwa wakiomba meno machanga, akaandika uongo mwembamba, akayatuma, akajisikia amefanya jambo jema.

Kwa hiyo hakuna jini lililoingia hapa, wala laana. Alikuwa mwanamke aliyeogopa maneno ya watu, basi.

"Ukiyang'oa yangu," aliuliza Mwajabu, maneno yakitoka vibaya kwa sababu ya kuachama, "wao watabaki na ya kwao?"

"Watabaki nayo."

Mtoto alifikiri. "Yule babu wa peke yake atafurahi," alisema. "Ana karanga. Anaziogopa ogopa." Akaachama tena, akangoja.

Sikudhani alisimama na sindano mkononi muda ambao hakuupima. Aliuona uso wake kwenye kioo kidogo cha kumulikia, umekunjika, mdogo, na ulikuwa uso uleule wa asubuhi ile. Alikuwa amejiapiza hatauona tena. Akairudisha sindano kwenye sinia, akamteremsha mtoto, akamshika kifuani akalia kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mwanawe. Mwajabu alimpigapiga mgongoni. Hata katika kumpigapiga, kidevu chake kilikuwa kinamgongagonga mama begani, taratibu, kwa mapigo ya mtu anayekula karanga.

Jioni alimwandikia Daktari Kilua kwamba Jumatatu hapandi mbegu. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini: maabara itamleta tabibu mwingine, na barua ya kumfutia leseni, pamoja na ule mstari mmoja wenye mwandiko wake.

5

Jumamosi saa nne aliwaita wote. Walikuja kama miadi ilivyokuwa, wakajaza ua wa zahanati na kumwagikia barabarani, wengi wao wakidhani ni sherehe. Wengine walikuja wakitafuna.

Sikudhani alisimama juu ya ngazi akasema yote, akianzia mwanzo. Alisema kigego alikuwa mwanawe. Alisema alimng'oa kwa mikono yake na akadanganya. Alisema meno waliyonayo ni ya mtoto huyo, na kwamba kila wanapouma yeye anauma, na kwamba amebaki mifupa kwa sababu kinywa chake hakipati nafasi ya kula. Hakujitetea. Alipofika mwisho sauti ilikuwa imemwisha, na watu mia tatu walikuwa wamefunga midomo, wengi wameiziba kwa viganja, kama vile meno yenyewe yanaweza kusikia.

Mwenye bucha, Singano, ndiye aliyeanza kusema. Hakuwa mtu mbaya. Alisema aliuza nyama miaka kumi na mmoja bila kuweza kuila, na kwamba habari za mtoto kusikia meno ya watu wazima ni maneno, yaletewe ushahidi. Wengine wakaitikia. Mama mmoja alisema yeye yuko tayari ang'olewe leo hii, na Sikudhani akaeleza kwa nini hilo ndilo baya kuliko yote, akamtaja Saumu na gego lake. Saumu, aliyekuwa pale ubavuni, alishika shavu lake akaanza kutokwa machozi. Yakazuka mabishano. Wapo waliosema mtoto ang'olewe meno kama maabara inavyotaka, kwani mmoja na mia tatu ni wapi na wapi. Wapo waliosema tabibu ashtakiwe kwanza, na hao walikuwa na haki yao.

Bi Mwanakombo hakuwa na mbegu hata moja. Alikuwa amezikataa, akabaki na ufizi wake. Alikuja kumsindikiza mumewe tu, na alikuwa amekaa mbali naye kidogo, kama alivyozoea siku hizi. Alinyanyuka akijishika kiuno.

"Mimi nimemtengea huyu mzee sahani," alisema, "nikiogopa kigego atatula. Kumbe ninyi ndio mnaomla." Akageuka akamtazama mumewe. "Na wewe, Shekigenda, na vikaranga vyako."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliinamisha kichwa. Alipokiinua alizungumza na Sikudhani peke yake, kama vile wako kwenye chumba cha matibabu, akauliza mtoto huwa anakula saa ngapi. Sikudhani akasema saa saba, akitoka shule na kupumzika. Mzee akasema basi wao saa hiyo wasitafune. Haikuwa dawa, alijua. Ila kama kumi wakinyamaza, mtoto atapata tonge, na wakinyamaza wote huenda akapata sahani.

Singano aliondoka kabla neno hilo halijamalizika, na watu kama thelathini wakamfuata. Waliobaki walisema ndiyo. Wengine waliisema kwa moyo, na wengine kwa sababu jirani yao amesema.

6

Jumapili Sikudhani alipika wali na kisamvu. Chumvi akaiweka mara mbili, akaanza upya. Saa saba kasoro dakika tano alimkalisha Mwajabu mkekani, simu akaiweka pembeni. Alikuwa amekubaliana na Mzee kwamba atamjulisha mtoto akimaliza, naye Mzee awajulishe wenzake, watu wale chakula chao.

Sokoni, kama alivyosimuliwa baadaye, muuza miwa alifunika miwa yake kwa turubai. Watu walikaa na sahani mbele yao zikipoa, mikono magotini, wengine wakimeza mate. Wageni wa mabasi waliteremka wakakuta mji mzima umekaa mbele ya chakula umefumba midomo, wakarudi ndani ya mabasi yao haraka.

Mwajabu alikuwa ameinamisha kichwa. Taya lilikuwa linakwenda, kisha likapungua mwendo. Likawa linashtuka tu mara mojamoja. Akainua macho akamtazama mama yake kwa mshangao, na Sikudhani akatambua kwamba mtoto huyu hakumbuki tena kimya kilivyo.

"Wanaacha," alisema kwa kunong'ona.

"Kula basi, mama."

"Ngoja. Bado kuna wengi kidogo." Akasikiliza. "Wanne. Sasa ni mmoja. Huyu ana nyama, anaivuta."

 Sikudhani alimjua anayevuta nyama, na alijua hana la kumfanya. Alitazama mishale ya saa ikienda. Zilipita dakika tatu, taya la mtoto likivutika upande wa kulia, likivutika, likivutika. Kisha likasimama katikati, kama mtu aliyeshikwa mkono. Wakangoja wote wawili. Halikuendelea.

"Ameacha," alisema Mwajabu.

Akachukua tonge. Alilitafuna kwa muda mrefu mno, macho yamemtoka, akichunguza kama kweli ni lake. Akameza. Akachukua la pili. La tatu halikungoja la pili lishuke. Alikula kisamvu, akala wali, akala ukoko, akapangusa sahani kwa kidole, na Sikudhani alikuwa akimwongezea bila kusema neno, kwa kuogopa kwamba neno lolote litaharibu. Alipomaliza alilala palepale mkekani, mkono bado una mchuzi. Kinywa chake kilikuwa wazi kidogo, na hakikucheza kabisa. Mama yake alikiangalia mpaka akaanza kuogopa, akaweka kiganja puani mwa mtoto. Pumzi ilikuwepo.

Simu ilitikisika. Ulikuwa ujumbe wa Mzee Shekigenda. Ilishafika saa nane kasoro robo. *Tule?*

Sikudhani alishika simu kwa mikono miwili. Kesho tabibu mwingine atakuja na barua, friji ina mbegu mia sita, na watu zaidi ya mia tatu walikuwa wamekaa mbele ya vyakula vilivyopoa wakimngoja yeye. Alikuwa ameahidi kuwajulisha mtoto akimaliza, na mtoto alikuwa amemaliza. Vidole havikutaka kuandika. Mwishowe aliandika neno moja, la kweli. *Amelala.*

Akangoja. Jibu lilichelewa kidogo, maana Mzee alikuwa anaandika kwa kidole kimoja.

*Basi mwache alale.*

Mpaka adhana ya alasiri hakuna aliyetafuna.